Mwiko wa Tatu wa Tagila

Jumatano asubuhi Tagila aliniambia kwamba Ijumaa atakufa, kisha akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

"Bado," nikamjibu. "Na wewe acha kutisha watu kabla hawajaweka kitu tumboni."

"Sikutishi, mzee wangu. Mtemi aliniita jana akanipa amri. Nikiitii nakufa, nisipoitii nakufa. Nimeona nikwambie mapema, usije ukapanga mambo mengine Ijumaa."

Sauti ilitoka kwenye kidude kilichobanwa kwenye kola ya koti langu, kidogo kama kifungo. Tagila si mtu. Ni mhusika wangu katika mchezo wa Enzi, shujaa wa mkuki mwenye mabega ya kubeba kreti nne za soda kila upande. Kwa miaka tisa amekaa kwenye kola hiyo akinikumbusha dawa ya presha na kuniuliza maswali ambayo hata padri hajathubutu kuniuliza.

Mimi ni Vitus Kikoti, mstaafu wa reli. Niligeuza njia za treni hapa Makambako miaka thelathini na mmoja bila kupoteza hata behewa moja, ukiacha lile lililochukuliwa na upepo. Msioujua upepo wa Makambako mtasema naongopa. Upepo huu ulimvua jogoo wa jirani manyoya yote ukamvika bata wangu, na bata akaamka kesho yake anawika.

"Amri gani hiyo?" nikauliza.

"Ijumaa Malkia Kumbikumbi anamzika baba yake. Mtemi anataka niingie msibani, nifungue lango kwa ndani, jeshi letu lipite."

Birika lilichemka likamwagika, likazima na moto. Sikuinuka.

*

Mnaocheza Enzi siku hizi mmeikuta na miiko, mkadhani ilizaliwa nayo. Sisi tuliicheza tangu haina. Ulikuwa unajizungushia kilemba, yaani zile nyaya za kichwani, unaingia, na mhusika wako anafanya chochote utakacho. Basi kila mtu akamsaliti kila mtu. Saa mbili mnakula kiapo, saa nne mmeuzana, saa sita mmemuuza na yule aliyewanunua. Mchezo ukachusha. Mashujaa mia na hakuna hata mmoja ambaye ungemwachia kuku wako.

Ndipo wenye mchezo wakaleta kiini. Ni kitu cha ukubwa wa yai la kware, kwenye kola inafika sauti yake tu, na humo ndani mhusika anawaza mwenyewe, anakumbuka mwenyewe, na anaendelea na maisha yake wewe ukiwa shambani. Siku ya kwanza unampa miiko mitatu kwa maneno yako, kisha kiini kinafungwa na hubadilishi hata nukta. Kadiri miiko inavyobana, ndivyo mhusika anavyopewa nguvu. Unaweza kumshauri, unaweza kumbembeleza, kumlazimisha huwezi. Akivunja mwiko mmoja, kiini kinajikaanga: kumbukumbu, sauti, utani wenu wa miaka yote. Watakuletea kipya bure, lakini kitakuuliza jina lako.

Anayeamua kama mwiko umevunjwa ni Kadhi. Kadhi hana uso wala mwili, ni sehemu ya mtambo inayosikiliza. Na hafanyi kama mawakili, wa kupekua maneno ya kiapo. Anamwendea yule aliyeapiwa, anamuuliza, anasikiliza anavyojibu. Basi.

Miiko miwili ya mwanzo ya Tagila niliitunga kwa akili timamu. *Simwachi bwana wangu wala sikatai amri yake. Siinui silaha kwa asiye na silaha.* Wa tatu ulinikuta busara imekwisha. Na kiti cha pili kutoka kwangu alikaa Skolastika Ngonyani, nesi mstaafu, Mngoni wa Peramiho, akiwatangazia watu ukumbi mzima kwamba pua yangu ingefaa kupitisha treni ya mizigo. Mimi Mhehe, yeye Mngoni. Babu zetu walichomana mikuki mpaka wakachoka, walipochoka wakawa watani, na tangu hapo hakuna tusi tusilopeana wala chungu cha mwenzio usichofunua. Mhusika wake ndiyo kwanza alikuwa amempa jina la Kumbikumbi. Nikaandika: *Nyumba ya Kumbikumbi ni watani wangu. Mtani simsaliti.*

Skolastika alicheka mpaka kilemba kikamwanguka. Kiini nacho kikafungwa.

Huko walipo, wenye mchezo hawakujua utani ni nini. Kadhi naye hakujua. Alijifunza kwetu, kwa kutusikiliza, na akafika kwenye hitimisho lake mwenyewe. Tuligundua mwaka wa tatu, Tagila alipokalia kiti cha enzi cha Kumbikumbi kikavunjika mguu. Malkia alikasirika kweli. Badala ya kumtukana akaanza kumwita "Mheshimiwa Tagila" na kumwuliza habari za nyumbani. Siku ya pili mkono wa kushoto wa Tagila ukaanza kufifia kama chaki inayofutwa ubaoni. Alikimbia mpaka ngomeni kwa Malkia, akasimama dirishani akamwambia kwamba chapati zake ndizo zinazozibia pancha za mikokoteni. Malkia akarudisha tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Mkono ukarudi kabla hajalimaliza.

Basi Makambako nzima tukajua. Kwa Kadhi, utani mzima ni ule wa kutukanana. Ukiona heshima, ujue umekufa.

*

"Ni yai, Kikoti," alisema Mwalimu Msigwa. "Yai la kware."

Jumatano hiyo hiyo tulikuwa ukumbini, ambao zamani ulikuwa ghala la mahindi na mpaka leo ukipiga chafya panya wanatoka kuuliza kuna nini. Mwalimu alifundisha historia miaka arobaini, na katika Enzi ndiye Mtemi Radi, bwana wa upande wetu. Upande wa pili ni wa Skolastika. Msimu ungefungwa Ijumaa adhuhuri, na bendera ya mshindi imekaa kwao misimu minne mfululizo.

"Mwalimu, lile yai linajua siku ya kuzaliwa ya marehemu mke wangu. Wewe huijui."

"Sasa nani mwingine aingie msibani kwao bila kukaguliwa? Mtani peke yake. Mtani anafika mpaka jikoni."

"Na ndiyo maana haifai!"

"Ndiyo maana inafaa. Usichanganye." Akainua kidole kama yuko darasani. "Wote hapa tule kiapo. Neno hili halitoki nje mpaka Ijumaa."

Tulikuwa wanane. Mikono saba ikainuka, wote wakanitazama. Nikawaza kubaki nimeukalia mkono wangu. Lakini hawa ndio walionibebea jeneza la mke wangu, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeshika upande wa kichwa. Nikauinua.

*

Alhamisi mchana nilijikuta nyumbani kwa Skolastika. Nilisema nakwenda dukani, miguu ikasema vingine.

Alikuwa uani anapepeta kunde.

"Hodi."

"Nani huyo? Kama ni Mhehe nifunge mbwa, maana mkimwona mbwa mnaona kitoweo."

"Mngoni unafunga nini, wakati babu zenu walitukimbia mpaka wakaacha viatu?"

"Babu zetu hawakuwa na viatu, mjinga wewe. Hivyo mlivyookota vilikuwa vyenu, mmevidondosha mkikimbia. Kaa. Kuna kunde jikoni, pakua mwenyewe, na usilambe mwiko."

Nikapakua. Nikakaa. Kunde zilikuwa nzuri.

"Kesho tunamzika mzee wa Kumbikumbi," akasema. "Namngoja Tagila wako aje atuvuruge. Msiba bila mtani unakuwa kama mkutano wa kijiji. Atakuja?"

"Atakuja."

"Mbona unaitika kama umemeza kiberiti?"

Lilikuwa neno moja tu. *Funga lango.* Maneno mawili. Ningeyasema, Tagila asingejaribiwa, angeniamsha Jumamosi kwa maswali yake ya ajabu. Nikafungua kinywa.

"Usiseme," ikanong'ona kola yangu.

"Nani kasema nini?" akauliza Skolastika.

"Tumbo," nikamwambia. "Kunde zako zinaongea."

Nikaaga. Njiani upepo ulikuwa unasukuma mawe barabarani kama watoto wanaotoka shule. Nikamgombeza Tagila kwa sauti, watu wakanipisha.

"Ningesema neno, ungepona!"

"Na wewe je?"

"Mimi sina kiini. Kiapo changu hakinikaangi."

"Hilo ndilo lililonitia hofu, mzee wangu. Mimi nikivunja, Kadhi ananimaliza siku hiyo hiyo, nimepumzika. Wewe ukivunja hakuna wa kukumaliza. Ungekaa nalo. Ningekuachia mzigo, na wa kukukumbusha dawa hayupo."

Nikapenga kamasi, nikasingizia vumbi.

"Niambie kitu kimoja," akasema baada ya hatua kadhaa. "Utani wa barazani nimeuona. Wa msibani sijauona. Mtani hufanya nini pale?"

Nikamsimulia mpaka nyumbani. Alipofariki mjomba wangu kule Ifunda, watani Wangoni walifika asubuhi na mapema. Mmoja alilala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Wa pili alivaa koti la marehemu akatembea kwa kuchechemea kama yeye, mpaka mjane akacheka huku machozi yanamtoka. Walifunga jiko. Waliwapaka wakwe majivu. Walimkuta mkuu wa shule amekaa kwenye kiti na suti yake, wakamtuma kuni, na akapasua. Na hao hao ndio waliochimba, wakapika, wakabeba, wakalaza wageni.

"Na mtu akiwakatalia?"

"Anaanzaje? Siku ya msiba mwenye mji ni mtani."

Nilipokuwa navua viatu nikamsikia anarudia peke yake, polepole, kama anayeonja chumvi ya mboga: "Mwenye mji."

*

Ijumaa saa tano kasoro tulijizungushia vilemba.

Ngome ya Kumbikumbi ilijaa waombolezaji, na kwa desturi yao silaha zote zilikuwa zimefungiwa ghalani. Tagila aliingia mikono mitupu akilia kwa sauti ya kuezua mapaa. "Uuuwi! Kafa akiwa hajanirudishia kejeli zangu! Nani atanitukana vizuri hivyo?" Wazee wakaanza kuguna kwa kicheko. Akajitosa chumbani, akatoka amevaa joho la marehemu, anatembea kifua mbele na tumbo nyuma kama marehemu alivyotembea. Kina mama wakashindwa kulia. Akachota kikapu cha majivu jikoni, akamsukuma mpishi, akaonja mchuzi, akautemea maneno. Kisha akaenda langoni.

Nikakishika kilemba changu kwa mikono miwili.

Akaondoa komeo. Akalifungua lango, mabawa yote mawili, mpaka ukutani.

Jeshi letu lilikuwa mia tatu, mbele yao Mtemi Radi na upanga wake. Wakaja mbio. Wakamkuta Tagila amesimama katikati ya lango, mwembamba ule mlango, na bega lake mnalijua.

"Karibuni msibani!" akapiga kelele. "Mmechelewa, hamna hata aibu!" Na akampaka Mtemi Radi majivu, kuanzia paji la uso mpaka ndevuni.

"Tagila, pisha," akasema Mtemi.

"Bwana wangu, uliamuru nifungue lango. Limefunguka au halijafunguka?"

"Limefunguka."

"Na mimi nimekuacha?"

"Pisha!"

"Sijakuacha, niko mbele ya pua yako. Lakini umeingia msiba wa watani zangu, na hapa leo mwenye mji ni mimi. Egemezeni mikuki pale. Ninyi wa mbele, kuni hakuna. Ninyi wa nyuma, maji. Wewe bwana wangu na watu kumi, kaburi. Udongo wa hapa mgumu, mteme mate mikononi."

Mtemi Radi akainua upanga. Hapo niwaambie jambo la Mwalimu Msigwa. Katika miaka arobaini ya chaki alichapa watoto wengi kuliko aliowafaulisha, na alipostaafu ikaanza kumuuma. Ndiyo maana mwiko wa kwanza wa Mtemi wake ulikuwa huu: *Simpigi aliye chini yangu.* Upanga ukasimama hewani unatetemeka. Nyuma yake mia tatu wakachungulia wakaona wanawake, wazee, jeneza, na hakuna hata kisu. Karibu wote walikuwa na ule mwiko wa asiye na silaha, maana ndio wa kwanza kila mtu anaoufikiria.

Askari mmoja wa pembeni akaegemeza mkuki wake ukutani.

"Kuni zenyewe ziko wapi?" akauliza.

Ndani ya ukumbi nilimsikia Mwalimu akitoa sauti ya gurudumu lisilotiwa mafuta. Lakini ndani ya Enzi, Tagila alikuwa ameshamshika Mtemi Radi mkono, anamvuta kaburini kwa upole kama mkwe, na Mtemi akapewa jembe.

Ndipo Malkia Kumbikumbi alipotoka ndani akaona. Lango wazi. Jeshi la adui uani mwake, linapasua kuni.

Kila kitu kikasimama. Moshi ukasimama, jivu lililokuwa linaanguka likaning'inia hewani. Kadhi alikuwa amefika.

"Mtemi Radi," ikasema ile sauti isiyotoka popote. "Tagila amekuacha? Amekataa amri yako?"

Mtemi alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, uso wa majivu, jembe begani. Viini havijui kusema uongo mbele ya Kadhi.

"Lango alifungua," akasema. "Kuniacha hajaniacha. Natamani angeniacha."

"Malkia Kumbikumbi. Tagila amekusaliti?"

Malkia alishuka ngazi taratibu mpaka mbele yake. Nikaona vidole vya Tagila vinaanza kupauka, kimoja, viwili, vitatu.

"Ulilifungua lango langu," akasema Malkia. "Siku ya baba yangu."

"Nililifungua."

"Ulijua wamekuja kutumaliza."

"Nilijua. Nilitumwa kulifungua. Sikutumwa kusogea."

Kiganja kizima kilikuwa kimekwenda. Malkia akamtazama, akalitazama joho la baba yake, na nilitamani apige kelele, achukue jembe ampige nalo, chochote, ilimradi asimwite mheshimiwa. Nikajikuta nasali, na sikumbuki nilimtaja mtakatifu gani, labda wote.

"Hata nguo ya maiti umeshindwa kuvaa," akasema Malkia. "Umeigeuza nyuma mbele, kichwa boga wewe. Na hao vibarua uliotuletea, wanachimba kaburi la baba yangu au shimo la kuozeshea magimbi?"

Vidole vikarudi kwa fujo, vyote pamoja, kama kuku wanaorudi bandani mvua ikianza.

*

Adhuhuri kengele ililia, jeshi letu likiwa linaosha vyungu. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa. Mwalimu Msigwa alivua kilemba, akajitazama viganja kana kwamba anatafuta malengelenge. "Kaburi lilikuwa zuri," akasema. "Pembe zake zimenyooka." Akatoka.

Nilikuwa bado nacheka nilipoona viatu vya Skolastika mbele yangu.

"Ulijua," akasema. "Tangu lini?"

"Jumatano."

"Kwa hiyo jana ulikula kunde zangu ukijua."

"Niliapa, Mama Ngonyani."

Jina hilo lilinitoka lenyewe, kwa aibu. Wote walilisikia.

"Mtukane," ikanong'ona kola. "Mzee wangu, mtukane upesi."

Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Miaka yote ile ya matusi, na siku ya kuyahitaji ghala tupu.

Skolastika akafunga vifungo vya sweta yake, kimoja kimoja.

"Karibu chai nyumbani saa kumi, Bwana Kikoti," akasema, akaenda zake.

Nilifika saa kumi kamili, nimechana nywele. Alikuwa ametoa vikombe vya kabatini, vile vya wageni, vyenye visahani. Kitambaa mezani. Hakuna neno la mbwa, hakuna neno la pua. Aliniuliza habari za wajukuu. Aliniuliza kama baridi imenisumbua. Nikajibu vizuri, bwana, huku nasikia kitu kinapauka ndani yangu, na kwangu mimi hapakuwa na Kadhi wa kumkimbilia.

Akamimina, akakoroga mwenyewe, akanisogezea kwa mikono miwili.

Nikanywa.

Chumvi. Vijiko vitatu, kama si vinne.

Skolastika alikuwa anaangalia nje dirishani, mabega yanamtikisika.

"Sukari imekolea, Bwana Kikoti?"

"Imekolea," nikasema, macho yananitoka machozi. "Nimejua leo kwa nini babu zetu walipoiteka chai yenu waliirudisha."

Nikamaliza kikombe chote, nikaomba cha pili.